Kikao cha Dharura Kuhusu Mama Fredy Kujiunga na Vibaraza

UMOJA WA WAZAZI NA WALEZI WA WATOTO WENYE SELIMUNDU, SONGWA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA WANACHAMA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Darasa la chekechea, Songwa
Muda: Kilipangwa saa 8:00 mchana, kikaanza saa 8:20

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Bujiku Ngassa – Mwenyekiti
2. Bi. Bernadina Kulwa – Makamu Mwenyekiti
3. Bi. Agnetha Lubinza – Katibu
4. Bw. Herman Shija – Mjumbe, baba wa mapacha
5. Bibi Mbuke Maduhu – Mjumbe, mlezi wa mjukuu wake
6. Bi. Noela Kashinje (Mama Fredy) – Mwanachama mpya, miezi saba
7–14. Wanachama wanane, majina yao yamo kwenye daftari la mahudhurio

WENYE UDHURU: Watano
WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA: Watatu

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa kwa sala. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuja na akawaomba radhi kwa udogo wa viti, kwa kuwa ni vya watoto.

Mwenyekiti akiwa bado anaongea, Bi. Noela aliingia. Ilikuwa saa 8:31. Wajumbe wanne walisimama kumpisha kiti. Ifahamike kwamba Katibu alifika saa 7:40 kufagia darasa.

Bw. Herman alihoji kama ni haki Katibu aandike kumbukumbu za shauri alilolileta mwenyewe. Bi. Bernadina aliombwa aandike yeye, akasema miwani yake imevunjika. Mwenyekiti aliamua kwamba Katibu ataandika, ila maneno ya wasemaji ayaandike kama yalivyotamkwa, hata yasipompendeza. Katibu alikubali.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUPITISHA AJENDA

Ajenda iliyosambazwa na Katibu ilisomeka: "Utovu wa nidhamu wa mwanachama mpya." Bi. Bernadina alisema maneno hayo yanahukumu kabla ya kusikiliza. Alipendekeza yasomeke: "Mwanachama kujiunga na jukwaa la nje." Wajumbe kumi na wawili waliunga mkono. Ajenda ilirekebishwa.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAELEZO YA KATIBU

Katibu alieleza kwamba alianzisha kundi la WhatsApp la Umoja mwaka 2019 likiwa na wazazi wanne, na kwamba tangu hapo ndiye admin peke yake. Amekuwa akijibu maswali ya wazazi kuhusu dawa, kliniki, maji ya kunywa, baridi na homa, bila kukosa hata siku ya Krismasi.

Alieleza zaidi kwamba hadi mwezi Aprili alikuwa akipokea maswali kumi hadi kumi na tano kwa siku. Wiki iliyopita alipokea mawili kwa wiki nzima, na moja lilikuwa la mtu aliyekosea namba.

Alisema alifuatilia akagundua kwamba Bi. Noela amejiunga na jukwaa la mtandaoni liitwalo Vibaraza, na amewaingiza wanachama saba. Bi. Noela alihamia hapa Novemba, mume wake alipotoka kwenye machimbo ya dhahabu Katoro kuja kuchekecha mchanga wa almasi. Katibu aliomba kikao kijiulize inakuwaje mtu wa miezi saba awachukue watu waliolelewa na Umoja kwa miaka sita.

Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba sentensi hiyo ya mwisho ni maoni. Katibu alisema ameelewa.

KUMB. NA. 4/06/2025: KUSOMWA KWA ANDIKO LA BI. NOELA

Mwenyekiti alimtaka Bi. Noela aeleze Vibaraza ni kitu gani. Bi. Noela alisema anaeleza vibaya akisimama mbele ya watu, akaomba lisomwe andiko aliloliweka huko mwezi Aprili. Mjumbe mmoja alilisoma kwa sauti kutoka kwenye simu. Kwa agizo la Mwenyekiti, linaingizwa lote:

"Habari za huku. Leo natimiza siku kumi na mbili Vibarazani na bado najiona mgeni. Siku ya kwanza nilikaribia kuacha. Wanakwambia uchague kibaraza cha kukaa, na vibaraza viko mamia, wakati mimi nilitaka tu kuuliza kuhusu mguu wa mtoto. Nilihangaika mpaka chaji ikabaki asilimia nne. Kumbe ningechagua chochote. Unakaa kwako na unaongea na walio kwao. Hakuna mwenye mji mzima. Kila kibaraza kina mlinzi wake na sheria zake, na ukichoka unahama na jina lako, marafiki zako hawapotei.

"Kilichonishangaza baadaye ni ukimya. Hakuna mtambo unaokuletea watu. Siku tatu niliandika na hakuna aliyejibu, nikajiona kama mtu aliyefika msibani akakuta wenzake wameshazika wameondoka. Ndipo mama mmoja wa Bukoba akaniambia, huku ukitaka kusalimiwa anza wewe. Nikaanza kupita kwenye maswali ya wengine. Nisipojua jibu naandika pole tu. Sasa wananijua.

"Ila kilichonibakisha ni kwamba swali linakaa mahali pake. Kule nilikozoea unauliza asubuhi, ukimaliza kufua swali limeshafunikwa na picha za maua na 'asubuhi njema' na matangazo ya harusi. Ukirudia unaambiwa lilishajibiwa, soma juu. Huku nimekuta swali la miaka miwili, la baba mmoja wa Sumbawanga, na majibu thelathini na moja yamepangwa chini yake kama nguo kwenye kamba. Nililia, maana lilikuwa swali langu mimi.

"Na huku naweza kuuliza jambo la kijinga. Simwogopi mtu."

Wajumbe walipiga makofi. Katibu hakupiga kwa kuwa alikuwa akiandika.

Katibu aliomba ieleweke kwamba maneno "lilishajibiwa, soma juu" ni ya kwake. Wajumbe walisema wanafahamu.

KUMB. NA. 5/06/2025: MJADALA

Katibu alihoji usiri wa watoto, kwa kuwa maradhi ya mtoto yameanikwa mbele ya watu wasiojulikana. Bi. Noela alijibu kwamba hajawahi kuandika jina la mtoto, wala la kijiji, wala kuweka picha, na kwamba huko mtu haombwi hata namba ya simu. Alisema kwenye kundi la WhatsApp namba yake inaonekana na kila mtu, na mwezi Machi alipigiwa na mganga wa kienyeji aliyemtajia mtoto wake kwa jina. Katibu alisema hakuwa na taarifa hiyo. Bi. Noela alisema aliiandika kundini, ikafunikwa.

Bw. Herman alisema hapingi Vibaraza, ila linamuuma jambo moja. Mwaka 2023 yeye mwenyewe alipendekeza Umoja utafute mahali pazuri zaidi pa kujadiliana. "Katibu alinijibu kwa neno moja, 'tutaona'. Leo amekuja mgeni na wazo lile lile, mnapiga makofi. Mimi nilipoleta mlikuwa mnakula karanga." Mwenyekiti alimpa pole.

Bibi Mbuke, ambaye hasomi, aliomba nafasi na akamgeukia Katibu. Alisema: "Mayu, mama yangu, huyu binti kila Jumatano anakuja kwangu. Anakaa kwenye kigoda, ananisomea wanayosema watu wa huko, na mimi nikitaka kuuliza ananiandikia. Wewe hujawahi kuja."

Katibu alijibu kwamba alikuwa akimpigia simu Bibi Mbuke kila wiki.

Bibi Mbuke alisema: "Ulipiga, wabeja sana, nakushukuru. Lakini simu haikai kwenye kigoda."

Katibu aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba mwaka 2022 mjukuu wa Bibi Mbuke alipoishiwa damu, Katibu ndiye aliyezunguka Mwadui nzima na kuwapata wachangiaji wawili. Bibi Mbuke alithibitisha kwamba ni kweli na kwamba hajasahau. Alisema pia kwamba hakujua vitu hivi viwili vinashindanishwa.

KUMB. NA. 6/06/2025: KUHUSU "MZAZI MKONGWE"

Mwenyekiti aliuliza kama Bi. Noela ana la kuongeza kabla ya maamuzi. Bi. Noela alisema asingependa wajumbe wadhani huko ni peponi. Tangu mwanzoni mwa Mei kuna mtu anayejiita Mzazi Mkongwe, aliyekaa kibaraza kingine, anayemfuata kila anapoandika. Alisoma baadhi ya maneno ya mtu huyo:

"Acha kutafuta sifa kwa mguu wa mtoto."

"Wengine tumelea ugonjwa huu wewe ukiwa bado hujui kuutamka."

"Umefika Songwa juzi, leo unafundisha wenyeji."

Alisema aliyasoma hayo akiwa jikoni, akazima simu siku mbili, na mume wake akamwuliza kama kuna msiba Katoro.

Bw. Herman aliuliza: "Mama Fredy, si umesema hujawahi kuandika kijiji?"

Bi. Noela alijibu: "Sijawahi."

Bw. Herman aliuliza: "Basi Songwa kaijuaje?"

Bi. Noela alisema mlinzi wa kibaraza chake alitaka kumfungia mtu huyo asiweze kumwandikia tena, lakini yeye alikataa, na sababu ni hii. Jumapili ya tarehe 25 Mei, saa saba mchana, Fredy alipata joto. Aliandika Vibarazani kuuliza kama inatosha kumpoza kwa kitambaa cha maji mpaka Jumatatu, siku ya kliniki. Wa kwanza kumjibu, ndani ya dakika mbili, alikuwa Mzazi Mkongwe. Bi. Noela alilisoma jibu hilo:

"Wewe mwanamke, weka simu chini. Mtoto wa selimundu akipata homa hangoji Jumatatu. Mbebe sasa hivi. Ukifika mapokezi taja selimundu kabla hujataja jina lake, wasikupange foleni. Nenda."

Alisema alikasirika, lakini alimbeba. Fredy alilazwa siku sita. Daktari alimwambia kwamba wangengoja hadi kesho yake pangekuwa na maneno mengine. Bi. Noela alisema: "Kwa hiyo mimi sijui nimfungie au nimpigie magoti. Ningependa tu kumjua."

Katibu aliweka kalamu chini.

Mwenyekiti alisema: "Endelea kuandika, Katibu. Tulikubaliana."

Katibu alieleza kwamba Mzazi Mkongwe ni yeye.

Wajumbe watatu walizungumza kwa pamoja na maneno yao hayakuweza kuandikwa. Mwenyekiti aliomba utulivu na kumruhusu Katibu aendelee.

Katibu alieleza kwamba aliingia Vibarazani tarehe 2 Mei ili aone ni kitu gani kinachowatoa watu kwake. Alichagua kibaraza ambacho hakimwulizi mtu chochote, akajipa jina hilo. Alilisoma andiko la Bi. Noela mara nyingi kuliko alivyosoma kitu kingine chochote mwaka huu, akitafuta makosa. Hakuyaona. Aliona watu arobaini wamemshukuru. Alihesabu.

Alieleza kwamba mwanawe, Eliya, alifariki Agosti 2021. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha katiba, mwanachama ni mzazi au mlezi wa mtoto mwenye selimundu. Kwa hiyo tangu Agosti 2021 yeye si mwanachama. Hakuna aliyelisema, naye hakuthubutu kuuliza. Alikuwa akijiambia kwamba maadamu kuna mtu anauliza na yeye anajibu, anayo sababu ya kukaa na ufunguo wa darasa hili. Simu ilipoanza kunyamaza, kila asubuhi aliitazama akajua ni nani amenyamazisha.

Katibu alisema aliona wivu.

Mwenyekiti aliuliza kama neno hilo liandikwe hivyo hivyo. Katibu alijibu liandikwe.

Bi. Bernadina alisema: "Agnetha, si ungetuambia?"

Katibu alijibu: "Ningemwambia nani? Mimi ndiye mnayemwambia."

Mwenyekiti alimwuliza Bi. Noela ana la kusema. Bi. Noela akasema: "La homa nakushukuru, na nitakushukuru mpaka Fredy awe na ndevu. Haya mengine sijasamehe. Ulikuwa unanipokea hapa mlangoni, nakupa shikamoo, unaitika marahaba, unaniuliza mtoto anaendeleaje, ukifika nyumbani unanitukana. Mnipe muda."

Katibu alisema muda huo ni haki yake.

Rasimu ya Katibu katika kifungu hiki ilisema "Mzazi Mkongwe alitoa maneno yasiyofaa." Bi. Noela, aliyekaa karibu na kuona, aliomba iandikwe kwamba Katibu alimtukana. Imeandikwa. Katibu alimtukana.

KUMB. NA. 7/06/2025: MAAMUZI

Bw. Herman alipendekeza Katibu avuliwe nafasi yake leo. Pendekezo lilipigiwa kura: wanne waliunga mkono, wanane walipinga, Katibu na Bi. Noela hawakupiga. Katibu ataendelea hadi mkutano mkuu wa Desemba, ambapo wanachama wataamua upya.

Ilikubaliwa kwamba kundi la WhatsApp libaki kwa ajili ya matangazo na dharura, na liwe na ma-admin watatu: Katibu, Bw. Herman na Bi. Bernadina. Bw. Herman aliuliza kama ataanza leo. Alijibiwa ataanza leo. Katibu alimwongeza papo hapo, na Bw. Herman aliwaonyesha waliokaa karibu naye.

Ilikubaliwa kwamba anayetaka kujiunga na Vibaraza ajiunge bila kuomba ruhusa ya mtu, mradi asitaje jina la mtoto wala kuweka picha yake. Bi. Noela atawaelekeza wasiojua, kila Jumatano, kwa Bibi Mbuke. Bibi Mbuke alisema vigoda viko viwili tu, wengine waje na vyao.

Wajumbe walipokuwa wakidhani kifungu kimekwisha, Bw. Herman alisimama tena. Alisema yeye bado amekasirika na kura yake haibadiliki, lakini kifungu cha 4 cha katiba kimekaa vibaya. Alipendekeza kisomeke: "mzazi au mlezi wa mtoto mwenye selimundu, aliye hai au aliyefariki." Alisema: "Hao mapacha wangu, Mungu apishe mbali, sitaki siku hiyo hiyo niambiwe na uanachama umekwisha."

Wote waliohudhuria walinyoosha mikono. Katibu alihesabu mara mbili, kwa kuwa ilimlazimu kufuta macho katikati.

KUMB. NA. 8/06/2025: KUOMBA RADHI

Mwenyekiti alielekeza kwamba Katibu aombe radhi Vibarazani, chini ya maneno yale yale aliyoyaandika, kwa jina lake halisi. Katibu alisema atafanya hivyo nyumbani. Bi. Noela alisema afanye hapa.

Katibu alieleza kwamba hana jina lake halisi huko, na kwamba itabidi ajiunge upya kama mgeni. Aliulizwa atajiunga kibaraza kipi. Alisema kile cha Bi. Noela, cha wazazi wa selimundu, kama watamkubali. Baadhi ya wajumbe walicheka, si kwa ubaya.

Katibu alifungua ukurasa wa kujiunga lakini hakujua pa kubonyeza, kwa sababu kibaraza hiki kina maswali ambayo kile cha kwanza hakikuwa nayo. Alimwuliza Mwenyekiti, Mwenyekiti akasema hayo si mambo yake. Bi. Noela alivuta kiti kidogo akakaa karibu na Katibu, bila kumtazama usoni, akawa anamwonyesha kwa kidole.

Swali la kwanza lilitaka jina. Katibu aliandika Agnetha. Swali la pili liliuliza kwa nini anataka kujiunga. Katibu aliandika, akafuta, akaandika: "Nimemkosea mtu huku na nimekuja kumwambia." Bi. Noela alisoma, akasema inatosha.

Swali la tatu liliuliza: "Mtoto wako ana umri gani?" Chini yake palikuwa na nafasi ya kuweka namba, na ukiruka haikuruhusu kuendelea.

Katibu alikaa na simu mkononi. Bi. Bernadina alisema labda waandikiwe walinzi wa kibaraza wabadilishe swali. Bw. Herman alisema iwekwe sifuri.

Bi. Noela alimwuliza Katibu kwa sauti ya chini, lakini kwa kuwa darasa lilikuwa kimya ilisikika na wote: "Alikuwa na miaka mingapi?"

Katibu alijibu: "Tisa."

Bi. Noela alisema: "Basi andika tisa."

Katibu aliandika tisa. Ukurasa ulikubali.

KUMB. NA. 9/06/2025: KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jambo jingine, Mwenyekiti aliwaambia wajumbe wawahi nyumbani kabla ubaridi haujawakuta watoto nje. Wajumbe walipanga viti, na kikao kikafungwa saa 11:10 jioni.

Kumbukumbu hizi zilisomwa kwa sauti mbele ya wajumbe kumi na nne, nao wakasema ndivyo ilivyokuwa.

………………………………
Bujiku Ngassa
MWENYEKITI
14/06/2025

………………………………
Agnetha Lubinza
KATIBU NA MWANACHAMA
14/06/2025